Kaya ya Mfano

Nchi yetu ni nchi nzuri, na jina lake nimeombwa nisilitaje, kwa sababu wageni bado wanakuja. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina kahawa, nyingine zina simba wanaokubali kupigwa picha. Sisi tuna umaskini. Waziri wetu husema kila anapopata kipaza sauti kwamba umaskini wetu ni wa kiwango cha kimataifa, umetunzwa vizuri, na hauko mbali na uwanja wa ndege. Kwa hiyo dunia ilipotafuta mahali pa kujenga kituo cha kufikiria namna ya kupunguza umaskini, haikuhangaika. Ilituona.

Kituo kilijengwa mtaani kwetu Mabondeni, palepale palipokuwa na soko letu la mboga. Kinaitwa Kituo cha Fikra za Kupunguza Umaskini Duniani. Ni jengo refu la vioo, na tuliambiwa vioo vyenyewe ni vya aina ambayo mtu wa ndani anamwona wa nje, lakini wa nje anajiona mwenyewe. Tulifurahi sana, maana wengi wetu hatukuwa na kioo nyumbani. Asubuhi wanawake walikwenda kujifunga vilemba mbele ya Kituo, wanaume wakaenda kunyoa ndevu, na ndani wataalamu walikaa wakituandika.

Mimi naandika kwa sababu ya mama yangu, Bi Hadia. Kituo kimeandika mengi juu yake, katika vitabu vyenye majalada mazuri, lakini humo hana jina, na hakuna aliyetaja kwamba alipenda kuimba akiwa anachambua mchele, na kwamba alikuwa anaimba vibaya. Naogopa wakibaki wao tu na vitabu vyao, mambo hayo yatapotea.

*

Siku ya uzinduzi tuliitwa uwanjani. Mkurugenzi wa Kituo, Dakta Mashauri, alipanda jukwaani akiwa na shingo iliyojaa mashada ya maua. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na alikuwa amesoma umaskini katika nchi tatu ambazo hazikuwa nao.

Alituambia kwamba tatizo kubwa la umaskini si umaskini wenyewe, bali ni kwamba haujaeleweka. Ndipo akaeleza utafiti utakavyokwenda. Nyumba za upande wa juu zitapewa ushauri. Nyumba za upande wa chini zitapewa semina, pamoja na soda. Na nyumba moja, akasema huku akiinua kidole, haitapewa chochote wala haitapokea chochote kutoka kwa yeyote, ili ijulikane hicho chochote kina faida gani.

"Nyumba hiyo," akasema, "itakuwa ndiyo Kaya ya Mfano. Na tumeichagua ya Bi Hadia."

Vigelegele vilipigwa mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la vioo. Sisi mtaani tunajua mfano ni nini. Mtoto wa mfano ni yule anayepewa zawadi shuleni. Mwalimu wa mfano hupewa cherehani na Mkuu wa Wilaya. Mama alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji, akawapungia watu. Bi Zamda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alivuta mdomo.

"Kwani umaskini wangu mimi una kasoro gani?" aliuliza.

Mwezi mmoja baadaye mtu mmoja kwenye semina alimuuliza Dakta Mashauri kama neno mfano hapo lilikuwa na maana ya kuigwa au ya kulinganishiwa. Dakta alifikiri, akajibu kwamba maana zote mbili ni sahihi, kisha akaomba soda zigawiwe.

Mama alitia dole gumba kwenye makubaliano kwa furaha. Alipokuwa anafuta wino kidoleni nilimuuliza kama ameelewa vizuri. Akaniambia Dakta amemweleza kwamba yeye akishika sharti mpaka mwisho, ukweli utajulikana, na ukweli ukijulikana hakuna mtoto atakayelala na njaa popote duniani.

"Popote," alirudia. Halafu akasema, "Lingekuwepo jambo hili mwaka ule, Siwema angekuwa na watoto sasa."

Siwema alikuwa dada yangu. Mwaka wa ukame mkubwa alikuwa bado hajaanza kutembea. Mama hakuwa na desturi ya kumtaja, na alipomtaja siku ile nilijua kwamba sharti hilo halitavunjika.

*

Sasa lazima nieleze habari ya sahani.

Kati ya nyumba ya mama na ya Bi Zamda kuna ukuta mfupi unaoishia kifuani. Tangu nikiwa mdogo, sahani moja ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, ilikuwa ikipita juu ya ukuta ule. Ilikuwa ya Bi Zamda. Akipika maharage, sahani inakuja na maharage. Mama akipika mhogo, inarudi na mhogo. Sharti lake lilikuwa moja tu, nalo halikuandikwa mahali: sahani hairudi tupu. Siku ambazo mama hakuwa na kitu, aliiosha, akaisugua kwa majivu, akachuma ndimu kwenye mndimu wake na kuiweka katikati. Ndimu moja juu ya sahani inayong'aa. Bi Zamda akiiona alijua leo kwa Hadia hakukuwashwa moto, na sahani ilirudi haraka.

Kituo kilikuwa na Afisa Ufuatiliaji, kijana mrefu aitwaye Ladislaus, aliyekuja kila wiki na mizani na mkanda wa rangi wa kupimia mkono. Siku yake ya kwanza aliiona sahani ikipita. Akaacha mizani yake uani na kukimbilia ofisini. Dakta Mashauri alikuja mwenyewe, na watu wawili wa kuandika.

"Mama, hiyo ni nini?" aliuliza.

"Sahani."

"Inatoka wapi?"

"Kwa Zamda."

"Na inafanya nini hapa?"

Mama alifikiri, maana hakutaka kumdanganya msomi. "Inakuja," akasema.

Dakta akamweleza kwa upole kwamba sahani ile inachafua utafiti. Mama aliumia sana. Alisema ameisugua mwenyewe kwa majivu, na kama kuna uchafu basi aonyeshwe. Ikabidi aelezwe kwamba uchafu unaosemwa ni chakula. Aliponiambia jioni, alikuwa bado anatafuta namna chakula kinavyoweza kuwa uchafu kabla hakijamwagika.

Lakini alishika sharti. Sahani ikakoma. Nami pia nilikomeshwa. Kituo kilitoa ufafanuzi kwamba kaya ni watu wanaokula jiko moja, na kwa kuwa mimi nilikuwa na mke na jiko langu mwisho wa mtaa, nilikuwa mtu wa nje. Kwa kuzaliwa nilitambulika kuwa mwanawe. Kwa jiko nilikuwa uchafu.

*

Bi Zamda si mtu wa kushindwa upesi. Siku kadhaa baadaye alikuja ukutani na upawa uliojaa mchuzi.

"Hadia, hebu nionjee chumvi. Ulimi wangu leo umekufa."

Mama akaonja. Kuonja si kula, na mtaa mzima ulijua hakuna mwenye ulimi wa chumvi kama yeye. Kesho yake ulimi wa Bi Zamda ukafa tena. Kesho kutwa ndimi za wanawake watatu wa nyumba za nyuma zikafa kwa pamoja, na uani kwa mama kukapangwa foleni ya miiko. Mama alionja kwa uaminifu mkubwa. Alisema huu umezidi, huu umepungua, huu rudi nao tena nikauhakikishe.

Ladislaus aliliona na hakulisema. Kijana yule hakuwa mbaya. Mara mbili alisahau chapati zake juu ya kigoda cha mama, zimefungwa vizuri kwenye karatasi, na mara zote mbili mama alinituma nizirudishe ofisini kabla hazijapoa, akisema kijana wa watu asije akashinda na njaa. Lakini mizani ilionyesha kwamba mama hapungui inavyotarajiwa, na Kituo kikaingiwa na wasiwasi. Kiliitishwa Kikao Maalumu cha Kuonja. Wataalamu walitoka nchi mbili kuja kujadili kuonja kunaishia wapi na kula kunaanzia wapi. Mmoja alisema ni kwenye koo. Mwingine alisema ni kwenye nia. Walikaa katika hoteli ya kando ya ziwa, na nasikia chakula kilikuwa kizuri.

Uamuzi ulibandikwa kwenye mlango wa mama: Kaya ya Mfano inaruhusiwa kuonja, lakini iteme.

Bi Zamda aliposomewa tangazo lile aliurudisha upawa ndani na hakuuleta tena. Alisema hawezi kumfanya mwenziwe ateme chakula mbele ya macho yake.

*

Masika yalipoingia, mama akaanza kukohoa. Mkanda wa Ladislaus una rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu. Mkono wa mama ulikuwa umetoka kijani zamani, ukakaa kwenye manjano, na sasa ulikuwa unaikaribia nyekundu. Kituoni kulikuwa na furaha ya kimyakimya, kwa sababu tofauti kati ya nyumba yake na nyingine ilikuwa inaonekana vizuri, na wafadhili hupenda tofauti inayoonekana. Waliletwa kumwangalia. Walisimama mlangoni wakiwa na miavuli, wakasema maneno ya heshima, na mama akaomba radhi kwamba hana cha kuwakaribishia. Mmoja wao alitoa machozi. Dakta Mashauri akamshika bega na kumkumbusha asimpe kitu.

Siku ile walipoondoka nilimpelekea mama uji. Niliupika mwenyewe, mwepesi, nikatia ndimu alivyopenda. Alikuwa amelala kando ya ukuta, macho makubwa.

"Mama, kunywa uji."

"Umetoka jiko gani?"

"Langu. La mwanao."

"Basi ni wa nje."

"Nani ataona?"

"Mimi nimekwisha kuona," alisema.

Nilimwambia kwamba wale watu hawajui wanalolifanya. Akasema huenda hawajui, lakini yeye anajua alilolifanya, ametia dole. Nilimwambia hakuna mtoto hata mmoja aliyeshiba kwa yeye kukaa na njaa. Hapo aligeukia ukuta, nikaogopa kwamba nimemnyang'anya kitu.

"Usiniambie hivyo," alisema mwisho. "Nilimshika Siwema mikononi sina la kufanya. Safari hii nina la kufanya. Niache nilifanye."

Niliubeba uji ule kurudi nao kwangu, na watoto wangu wakaunywa.

Bi Zamda alikuwa amesikia kila neno kutoka upande wa pili. Alianza kumtukana, ndivyo wanavyopendana wanawake wa Mabondeni. Alimwambia mama kwamba ni mkaidi tangu usichana, kwamba alikuwa anapika wali bokoboko na anaendelea kujisifu, kwamba asipokula atakuja kumlisha kwa mdomo kama kifaranga.

"Njoo," mama alijibu, sauti ikiwa ndogo. "Na huo mdomo wako ulivyo mrefu, hutakosa."

Nikawasikia wakicheka, mmoja huku na mmoja kule.

Asubuhi iliyofuata Bi Zamda aliweka sahani juu ya ukuta, maharage yakitoka moshi, akaingia ndani na kufunga mlango wake ili isirudishwe. Mama aliamka kwa shida, akaichukua isije ikanyeshewa. Hakula. Aliwamwagia kuku wa jirani maharage yale, akaiosha sahani, akaisugua kwa majivu. Kisha akatoka kwenda kwenye mndimu, na akaanguka kabla hajaufikia.

Nilipofika alikuwa kwenye tope, sahani ameikumbatia kifuani. Nje ya Kituo yalikuwa yameegeshwa magari meupe mengi, yana maneno ya kupunguza umaskini ubavuni. Ladislaus, aliyekuwa amekuja kupima, alikimbia kuomba moja. Alijibiwa kwamba gari ni msaada, na msaada kwa Kaya ya Mfano unahitaji kikao, na wajumbe wa kikao wako safarini. Kijana akarudi analia waziwazi, akashika mkono mmoja wa mkokoteni wa maji, mimi nikashika mwingine.

Njiani mama alifungua macho, akaniita kwa jina langu la utoto.

"Sahani ya Zamda," alisema. "Isirudi tupu."

Nikamwambia haitarudi tupu. Zahanati tulifika, lakini sisi wawili tu.

*

Kwa kuwa zahanati iko ng'ambo ya mpaka wa eneo la utafiti, Kituo hakikuandika kwamba mama amefariki. Kiliandika kwamba amehama.

Siku ya msiba wanawake wa mtaa wote walileta chakula, kama ilivyo desturi. Walikuja na mabakuli, sufuria, ungo, mabeseni. Uani kwa mama hapakuwa na pa kuweka mguu. Wali, maharage, mhogo, samaki wa kukaanga, maandazi. Niliangalia vyakula vile vimeuzunguka mndimu, nikakaa chini. Afisa mwingine wa Kituo alipita kuhakikisha, akasema hakuna tatizo, kwa sasa inaruhusiwa.

Dakta Mashauri alisoma hotuba makaburini. Alisema Bi Hadia ametoa data safi kuliko zote zilizowahi kupatikana katika ukanda wetu. Alisema tumwige. Watu wakaitikia amina, kwa sababu alikuwa amesimama mahali ambapo watu huitikia amina.

Baada ya hapo kilikuja kile ambacho dunia inakijua. Wataalamu walikaa wakatazama takwimu zao na wakashangaa. Waliopewa ushauri walikuwa vilevile. Waliopewa semina walikuwa vilevile, ila meno yameharibika kidogo kwa soda. Lakini nyumba moja ilikuwa imeanguka kabisa. Kwa nini, ilhali ushauri haukumsaidia mtu? Walitafuta sana. Mwishowe Dakta Mashauri akagundua kwamba nyumba zote nyingine zilikuwa na jambo moja ambalo ile moja ilinyimwa: majirani waliokuwa wakipelekeana chakula. Akaliita Athari ya Sahani. Akapewa nishani mbele ya marais, na tuliangalia kwenye televisheni ya kinyozi akieleza, kwa sauti yake ya kubembeleza, jambo ambalo Bi Zamda alikuwa akilifanya tangu kabla yeye hajazaliwa.

Ikaja Programu ya Sahani ya Taifa. Sahani zililetwa kwa meli, za plastiki, zina nembo. Kila nyumba ilipata moja kwenye sherehe, na kikosi cha washauri kikaja kutufundisha kuzipitisha ukutani, mkono wa kulia ukiwa juu. Nyuma ya kila sahani paliandikwa: Mali ya Programu. Isitiwe chakula.

*

Nilikuwa nikiitafuta sahani ya Bi Zamda tangu siku ya msiba. Nilimwuliza mke wangu, nikawauliza wanawake waliofagia. Mwisho nikaambiwa Kituo kilituma watu kukusanya vielelezo.

Nilikwenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani, na ni kweli, mtaa wetu wote unaonekana kutoka pale. Niliona mndimu wa mama. Katikati ya ukumbi palikuwa na sanduku la kioo lenye taa, na ndani yake sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, juu ya kitambaa chekundu. Walikuwa hawajaiosha tope la pembeni. Kikaratasi kilisema: Sahani, Tupu.

Nilimwomba Dakta Mashauri anirudishie. Nilimweleza kwamba ni ya jirani, kwamba mama aliiacha mkononi mwangu kwa maneno, na haiwezi kukaa vile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa hisia zangu, lakini sahani hiyo sasa ni ya dunia.

"Basi niruhusu niweke ndimu ndani," nilisema. "Moja tu."

Akatabasamu kwa huruma. "Ndugu yangu, ikiwekwa kitu haitakuwa ile tena."

Ladislaus alikuwa amesimama karibu na mlango. Siku hizi amepewa kazi ya kuwaongoza wageni. Nilipompita alinong'ona bila kuniangalia, "Nilijaribu kuitoa. Kile kioo kinapiga kelele."

Nilirudi nyumbani kwa mama. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota uani, na ndimu zilikuwa zimeiva zikaanguka bila mtu. Niliokota zile nzuri, nikazifuta kwa shati. Nikaenda ukutani na kubisha kwa mawe, jinsi alivyokuwa akibisha mama.

Bi Zamda alitoka taratibu. Amezeeka upesi mwaka huu, na siku hizi hana wa kumtukana. Nilimwambia kwamba sahani yake wamekataa kuirudisha. Nilimwambia maneno ya mama, yote mawili: isirudi tupu. Nikasema nimeshindwa kuileta, lakini cha kutia ndani yake nimekileta, ila sijui nikiweke wapi.

Alizitazama ndimu. Halafu akanyoosha mikono yake juu ya ukuta, akaviunganisha viganja viwili, akavikunja kidogo pembeni vikafanya ukingo.

"Weka hapa, mwanangu," alisema.

Nikaweka.

Alisimama nazo vile muda mrefu. Kisha akazimimina kwenye kanga yake, na bila kufikiri akageuka jikoni, akafunua sufuria, akachota maharage kwa upawa na kurudi nayo mpaka ukutani. Ndipo akakumbuka kwamba sahani haipo. Alibaki ameushika upawa juu ya ukuta, upande wetu, moshi unapanda.

Nami nikakinga mikono.